Kwenda Costa Rica kutoka Afrika Mashariki: karatasi, barabara, mvua na pesa

Costa Rica ina kilometa za mraba 51,100, karibu mara mbili ya Rwanda, na udogo huo ndio unaowaponza wageni. Mtu akitazama ramani anaona Pasifiki iko hapa, Karibi iko pale, volkano katikati, basi anapanga vituo sita kwa siku nane. Kumbe kilometa 130 hivi za kutoka San José hadi La Fortuna huchukua saa tatu kwa gari dogo, na saa nne au zaidi kwa basi, maana njia inapanda milima na kuzunguka. Panga kwa saa za barabarani, usipange kwa kilometa. Na kabla hata ya kutafuta hoteli, shughulikia karatasi. Safari ya kutoka kwetu ikivunjika, mara nyingi huvunjikia kaunta ya uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam, wala San José hujafika.

1. Visa, njia ya ndege na kadi ya manjano

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Congo anahitaji visa iliyoombwa ubalozini kabla ya kuondoka. Hakuna ya kugongewa ukishatua. Ipo nafuu moja: mwenye visa halali ya Marekani au Kanada ya kuingia mara nyingi, au mwenye ukaazi wa huko au wa Umoja wa Ulaya, anaweza kuruhusiwa kuingia kwa muda mfupi bila visa ya Costa Rica. Masharti ya nafuu hiyo (aina ya visa, muda uliobaki, siku za kukaa) hubadilishwa na idara ya uhamiaji, Dirección General de Migración y Extranjería. Soma waraka wao unaotumika sasa, uuchapishe na kuubeba. Mfanyakazi wa kaunta asiyewahi kumwona abiria wa Costa Rica akitokea Kilimanjaro atakusikiliza vizuri zaidi ukiwa na karatasi mkononi.

Pamoja na hiyo beba tiketi ya kutoka nchini humo, hata ikiwa ya basi la kwenda Panama au Nicaragua, anwani ya mahali utakapolala usiku wa kwanza, na uthibitisho wa fedha. Kiwango rasmi ni angalau dola 100 kwa kila mwezi wa kukaa. Ni kidogo sana, lakini wakikuuliza hawataki maneno, wanataka kuona.

Kuhusu njia: anayepita Marekani lazima awe na visa ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu, kwa sababu pale kila abiria hupitia uhamiaji, huchukua mizigo na kuikabidhi upya. Ulaya ni rahisi zaidi. Amsterdam, Paris, Frankfurt na Madrid zina ndege za moja kwa moja hadi San José, na KLM hutua Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam, hivyo tiketi moja inaweza kukufikisha. Raia wa Congo ya Kinshasa, Ethiopia na Somalia wanahitaji visa ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye visa moja) hata wasipotoka nje ya lango.

Angalia sana mtego wa tiketi mbili tofauti. Ukinunua ya kwanza hadi Madrid na ya pili Madrid hadi San José kwa sababu ya bei, huenda mzigo wako ukaishia Madrid. Ili kuuchukua ni lazima uingie Hispania, na kuingia ni visa ya Schengen. Akiba ya dola 150 imeondoka na safari nzima.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo karatasi inayosahaulika zaidi. Costa Rica huidai kwa anayetoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na abiria wa Afrika Mashariki na Congo asithubutu kuondoka bila hiyo. Wanachotazama ni ulikotoka, si rangi ya pasi yako: Mtanzania aliyechukua uraia wa Uingereza, akitokea likizo ya Mombasa, ataulizwa vilevile. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kudungwa. Ukichanjwa Jumatatu na kuruka Ijumaa, kadi hiyo bado haina nguvu. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo cha zamani hakihitaji kurudiwa. Hakikisha tu jina linafanana na la kwenye pasi herufi kwa herufi. Mjamzito, au mwenye ugonjwa usioruhusu chanjo, apate barua ya daktari na aipeleke ubalozini mapema.

2. Chagua mwezi, kisha chagua bahari

Kiangazi ni Desemba hadi Aprili, masika ni Mei hadi Novemba. Hiyo ni kalenda ya upande wa Pasifiki na bonde la kati. Upande wa Karibi, yaani Limón, Cahuita na Puerto Viejo, una kalenda yake: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na Septemba na Oktoba, miezi ambayo Pasifiki inazama majini, ndiyo mikavu zaidi kule. Mwenye likizo ya Oktoba aende Karibi, na anayekwenda Januari achague Pasifiki.

Mvua za Pasifiki zina ratiba. Asubuhi jua, mawingu kuanzia saa sita, mvua alasiri. Kwa hiyo kila jambo la nje lifanywe kati ya saa 12 asubuhi na saa 5. Volkano nazo hufunikwa na mawingu mapema. Arenal, ile ya La Fortuna, ililipuka 1968 na imetulia tangu 2010. Anayeuza ziara ya usiku ya kutazama lava anakuuzia giza.

Giza lenyewe huingia kati ya saa 11 na nusu na saa 12 jioni, mwaka mzima. Kwetu hilo halishangazi, ila linabana ratiba ya barabara, kama tutakavyoona.

Mpango unaobebeka wa usiku 10: usiku mmoja Alajuela penye uwanja wa ndege, mitatu La Fortuna, miwili Monteverde, mitatu Manuel Antonio kwenye ufuo wa Pasifiki, wa mwisho Alajuela tena. Kutoka La Fortuna kwenda Monteverde usizunguke kwa barabara. Kata tiketi ya gari, mashua na gari: basi dogo linakupeleka ziwa Arenal, mashua inavuka, basi jingine linakupandisha mlimani. Njia hiyo inaokoa sehemu kubwa ya mchana. Monteverde iko kwenye mita 1,400 hivi na ni ya ukungu na upepo, beba sweta.

3. Kutua

Uwanja wa Juan Santamaría huitwa wa San José lakini uko Alajuela, takriban kilometa 18 kutoka katikati ya mji mkuu. Mwenye ndege ya alfajiri, au aliyefika usiku, alale Alajuela. Teksi rasmi za uwanjani ni za rangi ya chungwa. Za mjini ni nyekundu zenye pembetatu ya njano mlangoni, na mita yake huitwa *maría*. Ukipanda, sema "la maría, por favor" kabla gari halijaondoka. Mabasi ya Alajuela kwenda San José hupita mbele ya uwanja na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na teksi, ila mwenye sanduku kubwa atasumbuka.

Saa: Costa Rica iko nyuma yetu kwa saa 9, bila kubadilika mwaka mzima. Saa sita mchana Nairobi, San José ni saa tisa usiku. Ukitaka kuzungumza na nyumbani, piga asubuhi ya kule.

4. Pesa

Sarafu ni colón, na dola moja ni karibu colones 500. Hesabu ya haraka: toa sufuri tatu, zidisha kwa mbili. Colones 8,000 ni kama dola 16. Dola hupokelewa kwenye hoteli na ziara, lakini katika duka dogo wanakupa kiwango wanachotaka wao, na noti ya dola 100 au iliyochanika hukataliwa. Badilisha kidogo sana uwanjani, kiwango chake ni kibaya. Toa colones kwenye ATM ya benki mjini, mchana, ndani ya benki.

Tuliozoea M-Pesa tunapata mshangao wa kuona nchi nzima inalipana kwa simu huku sisi hatumo. Mfumo wao unaitwa SINPE Móvil. Muuza matunda, fundi wa baiskeli, hata mwenye kibanda cha juisi atakuonyesha namba ya SINPE, lakini huduma hiyo hudai akaunti ya benki ya huko. Mgeni hulipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, inayokubalika karibu kila mahali mjini, na noti ndogo kwa mabasi na vibanda. Kadi za kidijitali zinazotolewa kwenye simu hufaa kununulia tiketi mtandaoni, ila kwenye kaunta ya kukodi gari hazisaidii.

Bei ya kwenye menyu ya mgahawa kisheria inapaswa kuwa tayari na kodi ya asilimia 13 na huduma asilimia 10. Kwa hiyo bakshishi si lazima. Kwenye ziara bei mara nyingi hutajwa bila ile 13, uliza.

5. Barabarani

Basi kwanza. Nauli hupangwa na mamlaka ya udhibiti, ARESEP, na safari ndefu nyingi hazizidi dola 15. Tatizo ni kwamba San José haina stendi moja kuu kama ile ya Magufuli kule Mbezi. Kila kampuni ina kituo chake: La Fortuna na Monteverde huondokea Terminal 7-10, Quepos na Manuel Antonio huondokea kituo cha Tracopa. Mtu akikuambia "nenda stendi", muulize ipi, ya kampuni gani. Fika dakika 45 kabla siku za Ijumaa na Jumapili, na mkoba wenye pasi uuweke mapajani. Ule wa juu ya kiti huondoka na abiria anayeshuka njiani.

Anwani nazo zina namna yake. Barabara nyingi hazina majina yanayotumika, hivyo utaelekezwa "200 metros norte de la iglesia". Mita 100 hapo maana yake ni mtaa mmoja kati ya kona na kona, hata kama ukipima ni 80. Jua kaskazini iko wapi kabla hujauliza. Madereva wengi hutumia Waze, programu ya ramani ya kwenye simu.

Gari la kukodi ndilo linalowatia watu hasara, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Bei ya mtandaoni ya dola 8 au 10 kwa siku si bei. Kuna bima ya lazima ya madhara kwa watu wengine, ambayo bima ya kadi yako ya benki haiifuti. Ukifika kaunta huongezeka dola 15 hadi 25 kwa siku au zaidi. Andikia kampuni kabla, uombe jumla yote pamoja na bima ya lazima na kodi, kwa maandishi. Dhamana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Ya debiti hukataliwa mara nyingi, au unalazimishwa kununua bima kamili. Piga video ya gari lote, pamoja na kioo, rimu na tairi ya akiba.

Wanaendesha kulia. Mtu wa Dar au Nairobi hakosei akiwa kwenye foleni, maana anafuata wenzake. Hukosea asubuhi barabara ikiwa tupu, akitoka kwenye kituo cha mafuta. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Vituo vya mafuta vina wahudumu, na bei ya mafuta ni moja nchi nzima, kwa hiyo usihangaike kutafuta nafuu.

Madaraja mengi ya mashambani ni ya gari moja. Kibao cha "CEDA" upande wako kina maana wa ng'ambo apite kwanza, hata kama wewe umefika mapema. Usivuke mto kwa gari: maji yakiingia kwenye injini, hakuna bima inayolipa. Barabara namba 32 ya kwenda Limón hupita kwenye msitu wa Braulio Carrillo na hufungwa mara kwa mara kwa maporomoko ya udongo. Angalia hali yake asubuhi ya safari, na usiweke safari ya Karibi siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Katikati ya San José, Jumatatu hadi Ijumaa, magari huzuiwa kwa namba ya mwisho ya kibao (1 na 2 Jumatatu, 3 na 4 Jumanne, hivyo hivyo hadi 9 na 0 Ijumaa), na la kukodi halisamehewi.

Usiku usiendeshe. Mashimo, ukungu, waendesha baiskeli wasio na taa. Tairi likiisha upepo ghafla muda mfupi baada ya kuchukua gari, na mtu mwema akatokea papo hapo kukusaidia, endelea polepole hadi kituo cha mafuta chenye watu, hata kama rimu itaumia. Mbinu hiyo ya kutoboa tairi ni ya miaka mingi. Na faini hulipwa benki, askari hapewi mkononi.

6. Hifadhi

Tiketi za hifadhi kubwa hununuliwa mtandaoni kwa SINAC, mamlaka ya hifadhi za taifa, kwa pasi na kwa saa maalumu. Manuel Antonio haiuzi langoni na hufungwa kila Jumanne. Mgeni mtu mzima hulipa dola 16, na kodi inafika 18.08. Kabla ya lango utakutana na vijana wenye fulana na vitambulisho wanaosimamisha magari na kudai maegesho ni hapo. Si wafanyakazi wa hifadhi. Endelea. Chakula hakiruhusiwi ndani na mikoba hukaguliwa, kwa sababu tumbili wa uso mweupe na rakuni wamejifunza kunyang'anya. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa. Beba chupa yako.

Corcovado huingii bila mwongozaji aliyeidhinishwa, tangu 2014. Tortuguero haina barabara: mashua kutoka La Pavona, au ndege ndogo. Kasa wa kijani hupanda kutaga kati ya Julai na Oktoba, na ufuoni usiku unakwenda na mwongozaji, bila kamera wala simu. Mwongozaji si anasa hata kule ambako si lazima: bila darubini yake slothi (mnyama wa mitini mwenda polepole) aliye mita 15 juu ya kichwa chako ni bonge la majani tu.

7. Bahari, mbu na homa

Watu waliokulia Pwani hudharau maji haya, na wanakosea. Fukwe za Pasifiki hazina mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi kama zetu, na mikondo inayovuta kwenda kilindini ni mikali. Ukiona sehemu ya maji yenye rangi ya mchanga, isiyo na mawimbi, katikati ya mawimbi, hapo ndipo mkondo. Ukikubeba usipigane nao kurudi. Ogelea sambamba na ufuo hadi ulegee, ndipo urudi. Midomo ya mito, ikiwemo Tárcoles, ina mamba. Ukiona mti wa ufuoni wenye tunda kama tufaha dogo la kijani, uitwao manzanillo, usile, usiegemee, usijikinge mvua chini yake: utomvu wake unachoma ngozi.

Neti haitoshi, kwa kuwa mbu wa dengi huuma mchana. Paka dawa yenye DEET asilimia 20 hadi 30 kuanzia alfajiri. Malaria ipo kidogo, zaidi kaskazini karibu na Nicaragua na mkoani Limón. Ila jambo ambalo msafiri wa kwetu lazima alijue ni hili: ukipata homa huko, mwambie daktari neno la kwanza kwamba umetoka Afrika Mashariki, na lini. Yeye atafikiria dengi, na malaria uliyoibeba kutoka nyumbani haisubiri. Mpaka ujulikane unaumwa nini, tumia parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengi.

Msituni vaa viatu vilivyofunika mguu na tembea na tochi kukiwa giza, kuna nyoka wa sumu kali aitwaye terciopelo. Akikuuma usikate wala kunyonya. Piga 911, uende hospitali. Dawa ipo: taasisi ya Clodomiro Picado ya Chuo Kikuu cha Costa Rica huitengeneza, na imewahi kutengeneza hata ya nyoka wa Afrika.

8. Mengineyo

Kula kwenye *soda*, mgahawa mdogo wa familia. Sahani ya *casado* (wali, maharage, saladi, ndizi na nyama au samaki) ni colones 3,500 hadi 5,000. Limón hupika wali na maharage kwa tui la nazi, urithi wa watu waliotoka Jamaika, na mtu wa Tanga atajisikia kwao. Kiingereza pia husikika zaidi kule. Dafu linaitwa *pipa*. Asiyekula nguruwe aulize hata kuhusu maharage, "¿tiene cerdo o manteca?", maana mafuta ya nguruwe hutumika kimya kimya. Maji ya bomba hunyweka sehemu nyingi. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo, si ndani ya choo.

Umeme ni volti 120 na plagi ni za pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta tu. Birika au pasi ya nguo ya volti 240 itatoa robo ya nguvu yake, iache nyumbani. Laini ya simu ya Kölbi, Claro au Liberty husajiliwa kwa pasi. Kölbi ndiyo inayoshika zaidi mashambani.

Wakati wa kurudi, kodi ya kuondoka ya dola 29 kwa kawaida imo ndani ya tiketi. Hakikisha na shirika la ndege. Makombe ya baharini hunyang'anywa uwanjani, yaache ufuoni. Colones zilizobaki zimalize kwa kahawa kabla ya lango, kwa kuwa maduka ya fedha ya Nairobi na Dar hayazinunui.